Vijiti vyeupe mu shamba la muhindi



Ilikuwa mwezi wa sita, kisha mavuno. Nilifika shambani asubuhi kwa kukusanya mabua ya muhindi, nikakuta vijiti vimesimama mustari mumoja, vimepakwa rangi nyeupe juu. Nikahesabu hatua kati ya kijiti na kijiti: 15 upande mumoja, 20 upande mwingine. Hakuna mutu aliyekuja kupiga hodi kwangu. Vijana wawili waliokuwa wanavuta kamba waliniambia tu: «Papa, hapa kutakuwa cité mupya.»

Kijiji chetu kiko kando ya njia ya Kipushi. Zamani, kutoka Lubumbashi mpaka Kipushi, kilometa kama 30, uliona mashamba, miti na watu wa makala na baiskeli zao. Leo muji unatembea kila mwaka, unakula kijiji kimoja kisha kingine. Sasa umefika kwetu.

Musiwaze kama mimi niko adui wa nyumba za wafanyakazi. Mimi mwenyewe nilifanya miaka 22 mu kazi ya mine. Nilikomea mu kampi, mahali baba yangu alipewa nyumba pamoja na kazi. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilijenga makampi vile: ulipata kazi, ulipata nyumba, bomba la maji halikuwa mbali, lopitali na masomo vilikuwa palepale. Mwaka 2004 nilitoka na départ volontaire kama wenzangu wengi. Makuta nilipata, nikajenga nyumba ya matofari ya kuchoma hapa kijijini. Nililetea shefu wa wakati ule mbuzi, akanionyesha shamba. Tangu siku ile tunakula bukari ya jasho letu.

Ile cité mupya si kampi. Hakuna kampuni inayojenga. Wanapima udongo, wanauzisha parsele, basi. Maji, masomo, njia, kila mutu atajitafutia. Hapo ndipo hofu yangu inaanza.

Kwanza ni maji. Kijiji kizima kina pompi moja ya mukono na visima vichache. Watu wa kazi ya maji wanatufundisha kwamba kisima na choo cha shimo viachane meta 30 hivi. Sasa chukueni parsele ya meta 15 kwa 20. Ukipima toka pembe moja mpaka pembe ya mbele yake, unapata meta 25 tu. Maana yake, hata ukiweka choo kule mwisho na kisima huku mwisho, meta 30 haifiki. Na nyuma ya ukuta wako kuko choo cha jirani. Parsele mia zikijaa vile, mvua ya mwezi wa kumi na mbili itachanganya vyote chini ya udongo. Sisi tuliopita wakati wa kolera tunajua vile inaendaga: inaanza na watoto.

Pili ni chakula. Unga wa Katanga unatoka sana Zambia, unapita Kasumbalesa. Kila mara Wazambia wanafunga mupaka, kila mama wa muchimbaji anaona bei inapanda sokoni. Hapo ndipo kashamba kadogo kando ya muji kanasaidia nyumba. Tukiweka vijiti mu mashamba yote, siku ile mupaka utafungwa tutakula matofari?

Tatu ni karatasi. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema wazi: udongo ni wa Leta. Shefu wa kijiji anaweza kushuhudia nani anaishi wapi, lakini hana ruhusa ya kuuzisha. Sheria ile ile inaomba kwamba udongo wa kijiji, mbele ya kupewa mutu, ufanyiwe ankete: kuangalia nani anaulima, kuuliza watu, kusikiliza wenye kukataa. Kwetu hakuna mutu aliniuliza hata neno moja. Na sheria ilisema pia kwamba ordonansi ya Prezida itapanga haki za watu wanaoishi mu udongo wa mababu. Makumi ya miaka ilipita, tuko tunaingojea.

Nitasema ukweli: hata mimi karatasi ya Leta sina. Niko na mbuzi ya shefu, na mashahidi wawili walisha kufa. Ndiyo maana siwezi kungoja nikiikaa. Mutu akisha kupata sertifika kwa konservatere wa viwanja, miaka 2 ikipita, ni nguvu sana kumutosha. Mwenye kulala leo ataamuka akikuta ukuta.

Ninaomba nini? Mambo matatu tu. Wafanye ankete mbele ya watu wote, mangaribi, wakati watu wamerudia toka kazini. Wachimbe foraje na kuacha mahali pa masomo na dispanseri mbele ya kuuzisha parsele ya kwanza. Na wasiguse kale kapori ka makaburi yetu.

Na wewe ndugu muchimbaji unayetaka kutoa makuta yako ya mine, sikia. Karatasi ya shefu peke yake haitoshi. Enda ku kadastre, uliza kama numero ya ile parsele iko kweli mu karte yao. Kisha tembea mpaka pale, uliza mutu wa karibu: hapa nani alikuwa analima? Kama parsele moja imeuzishwa mara mbili, mwenye kulia ni wewe, si aliyekula makuta.

Sisemi maneno haya kwa watu wa mbali. Mutoto wangu wa tatu anafanya kazi ya mine, anapanga nyumba mu muji, bei inapanda kila mwaka. Siku ya Mungu iliyopita alikuja na furaha, akaniambia amelipa sehemu ya kwanza ya parsele. Tukaenda wote wawili kuitazama. Alinionyesha vijiti vyake vine. Ilikuwa pale mama yake alikuwa analima mihogo iliyomulipia masomo.

Hakujua. Kwenye karatasi yake kuko numero tu.

Tuliikaa pale chini ya mwembe, hakuna aliyesema kwa muda murefu. Kisha nikamuambia: kesho tuende ku kadastre sisi wawili. Wewe ulete resi yako, mimi nilete mashahidi waliobaki.