Je, Wajua? Nani Anaamua Mtoto Azaliwe Lini

Sogea karibu, tuanze na bibi yako. Je, wajua kwamba yai ulilotokana nalo liliwahi kukaa tumboni mwake? Mtoto wa kike huumbwa na mayai yake akiwa bado hajazaliwa, na akifikisha miezi 5 tumboni anayo milioni 6 hadi 7. Bibi mzaa mama alipokuwa na mimba ya mama yako, nawe alikwisha kukubeba!

Siku mtoto huyo wa kike anapozaliwa, mayai hayo yamepungua hadi milioni 1 au 2. Akivunja ungo yamebaki kama laki 3 au 4, na yatakayokomaa na kutoka maisha yake yote ni 400 hivi tu. Mwanamume yeye hutengeneza mbegu zaidi ya 1,000 kila sekunde, hata sasa hivi unaposoma.

Yai likishatoka, uhai wake hauzidi saa 24. Mbegu ya kiume inaweza kusubiri siku 5. Piga hesabu mwenyewe: mke na mume wakikutana Jumatatu, mimba inaweza kutunga Ijumaa, baba yuko Tunduma na lori lake.

Unadhani kipimo cha mimba ni kitu cha juzi? Wamisri wa kale walimwambia mwanamke akojolee ngano na shayiri. Zikiota, ana mimba. Mwaka 1963 watafiti walirudia jaribio hilo, na mkojo wa wajawazito ukaotesha nafaka kiasi cha mara 7 katika kila 10!

Kisha akaja chura. Kuanzia miaka ya 1930 vyura wa Afrika Kusini walisafirishwa kwa maelfu kwenda maabara za Ulaya na Marekani. Chura jike alidungwa mkojo wa mwanamke, na akitaga mayai kabla ya kesho yake, basi mama ni mjamzito. Mwenyewe hafi: alirudishwa majini akapumzike, baadaye akaitwa kazini tena.

Hao hao Wamisri, karibu miaka 3,800 iliyopita, waliandika dawa ya kuzuia mimba iliyotengenezwa kwa mavi ya mamba. Ndiyo, mamba! Andiko jingine, la miaka kama 3,500 iliyopita, linataja mgunga uliosagwa, tende na asali. Hapo walikaribia kabisa, maana mgunga ukichacha hutoa asidi inayodhoofisha mbegu za kiume.

Na je, wajua kwamba mafakihi wa Kiislamu walilijadili suala la nani anaamua karne nyingi kabla ya kliniki ya kwanza ya uzazi wa mpango? Masahaba walisimulia kwamba walifanya azli, yaani kumwaga nje, zama za Mtume. Mafakihi wengi wakaweka sharti: mume asifanye hivyo bila idhini ya mkewe muungwana, kwa kuwa mke ana haki ya kupata mtoto na haki ya starehe. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alihesabu kulinda uzuri na uhai wa mke kuwa sababu halali ya azli. Isome tena tarehe hiyo: 1111!

Huku kwetu pwani wazee walikuwa na kinga yao. Ukimrudia mumeo mtoto angali ananyonya, walisema, utambemenda: atadhoofu, atachelewa kutembea. Madaktari hawakubali kwamba tendo la wazazi humdhuru mtoto, lakini hofu hiyo ilimpa mama nafasi ya kupumua kati ya mimba na mimba, wakati hakuna kidonge wala sindano.

Ziwa lenyewe nalo lina nguvu usiyoidhani. Mama anayemnyonyesha mtoto bila kumpa chochote kingine, usiku na mchana, hedhi haijarudi na mtoto hajatimiza miezi 6, ana kinga ya mimba ya asilimia 98. Yote matatu lazima yawepo, dada. Likikosekana moja, kamwone muuguzi.

Kidonge kimetoka shambani, ulijua? Huko Mexico kuna kiazi kikuu cha mwituni kiitwacho barbasco, na kemikali yake ndiyo iliyowapa wanasayansi mali ghafi ya homoni. Oktoba 1951 kijana wa miaka 26, Luis Miramontes, alitengeneza homoni inayotumika katika vidonge vya uzazi wa mpango mpaka leo.

Fedha za kukitafuta kidonge hazikutoka serikalini. Zilitoka kwa mjane mmoja wa Marekani, Katharine McCormick, msomi wa biolojia aliyehitimu 1904, aliyetoa karibu dola milioni 2. Na huyu mama alianza zamani! Miaka ya 1920 sheria ya nchi yake ilikataza kuingiza vizuizi vya mimba, basi akanunua huko Ulaya vifuniko vya mpira vya kuvaa ukeni, zaidi ya 1,000, akaagiza vishonewe ndani ya nguo mpya. Nguo zikapangwa vizuri kwenye masanduku, masanduku yakapita forodha, na vifuniko vikafika salama kwenye kliniki ya Margaret Sanger.

Sanger mwenyewe alifungua kliniki yake ya kwanza Brooklyn, Oktoba 1916. Polisi waliifunga baada ya siku 9. Yeye akala siku 30 jela, kwa kosa la kuwaeleza wanawake jinsi ya kutopata mimba.

Hebu sikia hili. Mwaka 1957 Marekani iliruhusu kidonge kiuzwe, lakini kwa matatizo ya hedhi tu. Kufikia 1959 wanawake karibu nusu milioni walikuwa wamejitokeza kusema hedhi zao zina matatizo! Ruhusa ya kuzuia mimba ilikuja mwaka 1960.

Waliotangulia kukimeza wasisahaulike. Kuanzia 1956 kilijaribiwa kwa wanawake maskini wa Puerto Rico, kwa dozi kubwa mara nyingi kuliko ya leo, na hawakuambiwa kwamba wako kwenye majaribio. Kila anayemeza kidonge leo ana deni kwao, nami nalisema hili kwa uzito wote.

Mei 1971 wanawake wa Dublin walipanda treni kwenda Belfast kununua vizuizi vya mimba vilivyopigwa marufuku kwao Ireland. Walipofika, duka la dawa likasema kidonge hakiuzwi bila cheti cha daktari. Wakanunua aspirini, mamia ya vidonge, wakarudi nazo wakizipunga mbele ya maofisa wa forodha. Hakuna afisa aliyejua tofauti!

Japani ilikizungusha kidonge kwa zaidi ya miaka 30, hadi 1999. Mwaka huo huo Viagra, dawa ya wanaume, ilipata kibali ndani ya miezi 6. Na mpaka leo, katika hali nyingi, mke wa Kijapani anayehitaji upasuaji wa kutoa mimba hudaiwa sahihi ya mume.

Sasa twende Romania, na hapa nitakaa kidogo. Mwaka 1966 mtawala wa nchi hiyo, Nicolae Ceaușescu, alitoa Amri namba 770: mwanamke haruhusiwi kutoa mimba mpaka awe na watoto 4, au awe amevuka umri uliowekwa. Vizuizi vya mimba vikatoweka madukani. Mwaka 1966 walizaliwa watoto kama 274,000. Mwaka 1967 wakazaliwa kama 528,000. Fikiria wodi za wazazi, halafu fikiria madarasa miaka 6 baadaye! Miaka ya 1980 wanawake walifuatwa hadi viwandani kupimwa kama wana mimba, na wasio na watoto wakalipa kodi ya ziada. Wanaokadiriwa kufa kwa mimba zilizotolewa kwa siri ni karibu 10,000. Ceaușescu aliuawa tarehe 25 Desemba 1989, na amri yake ikafutwa kesho yake. Kesho yake! Nchi nzima ilikuwa na mambo elfu ya kushughulikia, hilo likapewa nafasi ya mbele.

Kuna serikali zilizolazimisha kinyume chake. India, serikali ilipotangaza hali ya hatari, iliwafunga uzazi wanaume zaidi ya milioni 6 kwa mwaka mmoja, wengi kwa kusukumwa na kutishwa. Mwaka 1977 wapiga kura wakaiangusha serikali hiyo. Peru, kati ya 1996 na 2000, iliwafunga kizazi wanawake zaidi ya 270,000. Wengi walikuwa wenyeji wa milimani, na maelfu hawakuridhia. Kulazimishwa kuzaa na kulazimishwa kutozaa, mimi naviona ni udhalimu ule ule.

Namibia wanawake walienda mahakamani. Walikuwa wanaishi na virusi vya ukimwi, wakafungwa kizazi bila ridhaa ya kweli walipokwenda kujifungua. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ikawapa haki: sahihi ya mama aliye katikati ya uchungu si ridhaa.

Lini dunia ilisema kwa sauti moja kwamba idadi ya watoto ni uamuzi wa wazazi? Mei 1968, tena Teheran, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa wa haki za binadamu. Cairo mwaka 1994 nchi 179 zikalirudia kwa nguvu zaidi.

Afrika ikaenda mbali kuliko mabara mengine. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003 inataja kwa maandishi haki ya mwanamke kuamua kama atazaa, wangapi na kwa nafasi gani. Inataka pia aruhusiwe kutoa mimba kitabibu iliyotokana na kubakwa au kuzini kwa maharimu, au inapohatarisha maisha au afya yake. Tanzania iliridhia mwaka 2007. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliichapisha kwenye gazeti la serikali mwaka 2018 ikawa sheria ya nchi. Kenya iliridhia 2010 lakini ikaweka kando kipengele hicho cha kutoa mimba, ingawa Katiba yake ya mwaka huo huo, Ibara ya 26, inaruhusu pale mhudumu wa afya aliyefunzwa anapoona maisha au afya ya mama imo hatarini. Wakenya wangapi wanaijua ibara hiyo? Muulize jirani yako.

Rwanda, Aprili 2019: wanawake na wasichana 367 walisamehewa na rais na kutoka jela. Walifungwa kwa kutoa mimba, kusaidia kuitoa, au kuua kichanga.

Tunisia, nchi ya Kiislamu, iliruhusu mwanamke kutoa mimba changa kwa hiari yake mwaka 1973. Ufaransa, iliyowahi kuitawala, ilifuata 1975! Afrika Kusini ilipobadili sheria yake, iliyoanza kutumika 1997, vifo vya kina mama vitokanavyo na utoaji mimba usio salama vilishuka kwa asilimia 91 ndani ya miaka michache.

Rudi nyumbani kidogo. Chama cha uzazi wa mpango cha UMATI kilianzishwa 1959, Tanganyika bado haijapata uhuru. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8. Utafiti wa 2022 ulikuta 3.4. Tanzania mwaka huo huo ilikuwa 4.8. Miaka 4 kabla, Septemba 2018, Rais Magufuli aliwaambia wanawake mkoani Simiyu kwamba sasa wanaweza kuacha uzazi wa mpango.

Rwanda tena, maana inashangaza. Mwaka 2005 wake waliotumia njia za kisasa walikuwa asilimia 10. Mwaka 2019/20 wakafika asilimia 58.

Bangkok kuna mgahawa uitwao Cabbages and Condoms. Ukimaliza kula, unapewa kondomu! Mwenye wazo ni Mechai Viravaidya, aliyezunguka Thailand miaka mingi akiwafanya watu wacheke badala ya kuona haya.

Unazijua siku zako za hatari? Kuna shanga za kuzihesabia. Ziko 32: moja nyekundu ya siku ya kwanza ya hedhi, kisha 6 za kahawia, 12 nyeupe, 13 za kahawia, na kipete cheusi cha mpira unachokisogeza shanga moja kila asubuhi. Kikikaa kwenye nyeupe, kuwa macho. Nyeupe hizo hung'aa gizani, upate kuziona hata taa imezimwa! Zinamfaa mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32 tu.

Kijiti cha mkononi cha miaka 3 kina urefu wa sentimita 4, kama njiti ya kiberiti. Kati ya wanawake 1,000 wanaokitumia, anayeshika mimba kwa mwaka hafiki hata mmoja. Kitanzi cha shaba hakina homoni hata chembe, na hukaa miaka 10 au zaidi.

Sindano ya miezi 3 inapendwa sana Afrika Mashariki, na sababu mojawapo haiandikwi kwenye karatasi yake: haionekani. Hakuna pakiti chini ya godoro. Manesi wanawajua kina mama wanaoacha kadi zao za kliniki hapo hapo, mume asizikute nyumbani. Uganda sasa kuna ya kujidunga mwenyewe, bomba dogo la plastiki unaloliminya kwa vidole.

Unajua njia inayotumiwa na wanawake wengi kuliko zote duniani? Si kidonge. Ni kufunga kizazi: wanawake milioni 219 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa ya 2019. Kidonge kilikuwa na milioni 151.

Na wanaume waliofunga uzazi? Hawakufika milioni 20, wakati kwa mwanamume kazi ni nyepesi zaidi: ganzi, tundu dogo, dakika 15 hadi 20, anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nguvu zake za kiume hazipungui. Ila kaka, usiache kondomu siku hiyo: mbegu za zamani bado zimo njiani, subiri miezi 3, kisha urudi kupimwa.