Wamormoni na Ukoo Usiokatwa na Kifo

Mgeni akiandaliwa chai ya maziwa katika nyumba moja ya Gataka, Kajiado, naye akaomba uji, wenyeji wanaweza kudhani ana vidonda vya tumbo. Huenda ni Mmormoni. Waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho hawanywi chai ya majani, kahawa wala pombe, na tumbaku hawaigusi. Sharti hilo, Neno la Hekima, lilitolewa na Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa hilo, mwaka 1833.

Miiko hiyo, hata hivyo, ni matawi tu. Shina ni Urejesho: imani kwamba mamlaka ya Kristo yalipotea duniani baada ya mitume kufa, kisha Mungu akayarudisha kupitia Smith. Kijana huyo wa New York alisema kwamba mwaka 1820 alitokewa na Mungu Baba na Yesu, wakiwa nafsi mbili. Mwaka 1830 alichapisha Kitabu cha Mormoni, ambacho waumini hukisoma pamoja na Biblia, na akaanzisha kanisa.

Hapo ndipo makanisa mengi yanapotengana nao. Wamormoni wanamkiri Yesu kuwa Mwokozi, lakini wanafundisha kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni watatu tofauti wenye nia moja, na kwamba Baba ana mwili wa nyama na mifupa.

Fundisho linalomgusa zaidi Mwafrika ni la familia. Mume, mke na watoto wakiunganishwa hekaluni, kifo hakiwatenganishi. Na mjukuu anaweza kubatizwa kwa niaba ya babu aliyefariki, ambaye huko aliko ana hiari ya kukubali au kukataa. Ndiyo maana majina ya wahenga hutafutwa kwa bidii. Wakenya wengi walilazimika kusafiri hadi Johannesburg kwa ibada hizo, mpaka hekalu la Nairobi lilipowekwa wakfu tarehe 18 Mei 2025. Mitala, iliyowahi kufuatwa na waasisi, hairuhusiwi, hata pale sheria ya Kenya inapoikubali.

Liko jeraha ambalo msomaji wa hapa ana haki ya kulijua. Hadi Juni 1978, wanaume weusi walinyimwa ukuhani. Mwaka 2013 kanisa lilizikana hadharani nadharia zilizotumika kutetea katazo hilo. Kati ya miaka hiyo miwili, Kenya ililitambua kanisa rasmi mwaka 1991, na mwaka 2009 Mkenya Joseph Sitati akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuingia katika uongozi wake mkuu.