Kinachotokea ngozini unapotafuta weupe wa staa

Mwaka 1939 jarida la madaktari wa Marekani lilichapisha taarifa kuhusu wafanyakazi wa kiwanda cha kusindika ngozi za wanyama ambao mikono yao ilikuwa ikipoteza rangi. Mabaka meupe yalianzia vidoleni, yakapanda hadi kwenye kigasha na kukomea pale glavu zao za mpira zilipokomea. Kemikali iliyofanya kazi hiyo ilikuwa imechanganywa kwenye mpira wenyewe ili usichakae upesi. Ni ya ukoo wa haidrokwinoni, nayo huitwa monobenzoni.

Katika miongo iliyofuata, ukoo huo wa kemikali ulihama kutoka kwenye mpira wa glavu na kuingia kwenye makopo ya vipodozi. Kilichokuwa ajali ya kazini kikauzwa kama urembo, na kimeendelea kuuzwa hadi leo katika salooni na maduka ya vipodozi kuanzia Kariakoo hadi River Road, mara nyingi kikipambwa kwa picha ya mwanamke maarufu anayeng'aa. Kwenye picha hiyo tunaona rangi tu. Kazi ambayo rangi ile ilikuwa ikifanya kabla ya kuondolewa haionekani, nayo ndiyo ninayotaka tuielewe.

Chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi kuna seli zinazotengeneza melanini. Idadi yake inakaribiana kwa watu wote duniani, awe Mmakonde, Mchina au Mswidi. Tunachotofautiana ni aina ya melanini, wingi wake na ukubwa wa vifuko vinavyoibeba. Seli huchukua kiambata kiitwacho tairosini, na kimeng'enya cha tairosinesi, kinachohitaji madini ya shaba ili kifanye kazi, hukibadilisha hatua kwa hatua hadi kuwa melanini. Vifuko vilivyojaa melanini husukumwa kuingia kwenye seli za jirani, na huko hujipanga juu ya kiini cha seli kama mwavuli. Ndani ya kiini ndimo zilimo chembe za urithi, na mionzi ya jua ikizifikia mara kwa mara huziharibu. Uharibifu huo ukirundikana, saratani hupata mlango.

Vipimo vilivyofanywa miaka ya 1970 vilionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi ya mtu mweusi lina kinga ya asili ya takriban 13 kwa kipimo kile kinachoandikwa kwenye chupa za losheni za jua, wakati ya mtu mweupe ni kama 3. Weusi wa ngozi basi ni kinga, na mwili huihudumia kila siku bila kukutoza chochote.

Huwezi kuzungumzia monobenzoni bila kumtaja Michael Jackson. Hata leo, rangi yake ikitajwa vijiweni, atatokea mtu wa kusema kwamba alijichubua kwa kuuchukia weusi. Februari 1993 alimweleza Oprah Winfrey, mbele ya mamilioni ya watazamaji, kwamba ana ugonjwa unaoharibu rangi ya ngozi. Wengi hawakumwamini. Alipofariki Juni 2009, ripoti ya uchunguzi wa mwili ilithibitisha kuwa alikuwa na vitiligo, ambayo wengi wetu tunaiita mbalanga. Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili hugeuka na kuzishambulia seli zinazotengeneza melanini. Huwapata watu wa rangi zote, kiasi cha mtu mmoja hivi katika kila mia, lakini kwenye ngozi nyeusi mabaka yake hayafichiki.

Mbalanga ikishaenea sehemu kubwa ya mwili, daktari na mgonjwa wanaweza kuamua kuondoa rangi iliyobaki ili ngozi ifanane. Dawa ya kazi hiyo ni ile ile monobenzoni ya glavu za mpira, na matokeo yake ni ya kudumu. Krimu za monobenzoni na haidrokwinoni zilikutwa nyumbani kwa Jackson baada ya kifo chake. Mtu aliyeondolewa rangi kwa njia hii lazima ajikinge na jua maisha yake yote, kwa hiyo ule mwavuli aliokuwa akishikiwa kila atokapo, ambao magazeti yaliugeuza kichekesho, ulikuwa na sababu. Dunia nzima iliitazama ngozi ya mtu mmoja kwa zaidi ya miaka ishirini na bado ikaisoma vibaya. Kama tulishindwa kwa Michael Jackson, sioni tunavyoweza kukisia siri ya ngozi ya msanii kwa kutazama picha yake ya Instagramu, iliyopigwa chini ya taa kali na kupitishwa kwenye filta.

Sasa tufungue kopo. Kwa lugha ya mtaani mchanganyiko huu ni mkorogo, na jina limeusadifu, kwa sababu muuzaji huchota krimu hii na ile, akaongeza tyubu ya dawa na mafuta, kisha akakoroga. Mteja hajui kilichomo. Mara nyingi hata muuzaji hajui.

Kinachopatikana humo mara kwa mara ni haidrokwinoni. Hiyo hukiziba kimeng'enya cha tairosinesi, na melanini mpya haitengenezwi kama kawaida. Kwa kiwango kidogo, kwa muda mfupi na chini ya uangalizi wa daktari, ni dawa halali ya madoa. Marekani iliruhusu krimu yenye asilimia 2 iuzwe bila cheti hadi mwaka 2020. Tatizo ni kuipaka mwili mzima, miaka na miaka, kwa viwango visivyojulikana. Afrika Kusini ililiona tatizo hilo mapema. Mwaka 1975 daktari wa ngozi G. H. Findlay na wenzake walieleza jinsi watumiaji wa krimu hizo walivyopata mabaka ya bluu iliyokoza kuelekea weusi, hasa mashavuni na maeneo mengine yanayopigwa na jua. Ugonjwa huo huitwa okronosisi, na kuutibu ni vigumu mno. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba mtu aliyeanza kupaka ili awe mweupe anajikuta na weusi ambao hakuzaliwa nao, na mara nyingi huongeza krimu ile ile akidhani haijakolea. Mwaka 1990 Afrika Kusini ilipiga marufuku krimu za kujichubua.

Vifundo vya vidole, viwiko na magoti hubaki vyeusi kwa sababu ngozi yake ni nene na krimu haipenyi kirahisi. Ndipo ulipozaliwa utani wa uso wa Fanta na miguu ya Coca-Cola. Binafsi siupendi utani huo. Unamcheka mtu ambaye tayari ameambiwa na matangazo, na pengine na ndugu zake mwenyewe, kwamba alivyoumbwa hakutoshi, kisha unampa sababu nyingine ya kujificha na kuendelea kupaka.

Steroidi ni hatari ya namna nyingine. Inayopendwa zaidi ni klobetasoli, miongoni mwa steroidi za kupaka zenye nguvu kuliko zote, iliyotengenezwa kwa ajili ya magonjwa kama ukurutu mkali. Ikipakwa huibana mishipa midogo ya damu, na ngozi ikapauka. Tangu mwaka 1962 wanasayansi wamekuwa wakipima nguvu ya steroidi kwa kuangalia inavyoipausha ngozi, kwa hiyo weupe ambao mteja anaufurahia wiki ya kwanza ndicho kipimo chenyewe cha ukali wa dawa. Kwa kadiri miezi inavyopita ngozi huwa nyembamba, mishipa hujitokeza, michirizi hutanda mapajani na mikononi, chunusi humea, na kidonda huchelewa kupona. Sehemu ya dawa huingia kwenye damu na kuziambia tezi zilizo juu ya figo kwamba kotisoli imetosha, nazo hupunguza kazi. Sukari na shinikizo la damu vinaweza kupanda. Anayeacha ghafla baada ya kutumia muda mrefu anaweza kupata uso mwekundu unaowaka moto, na hapo hurudi dukani mbio kununua tyubu nyingine.

Ninayoiogopa kuliko zote ni zebaki. Huchukua nafasi ya shaba ndani ya kimeng'enya cha tairosinesi, na utengenezaji wa melanini ukasimama. Lakini zebaki haikai ngozini. Huingia mwilini na kujikusanya kwenye figo, ambazo huanza kupitisha protini kwenye mkojo, na mwenyewe anaona miguu na uso vinavimba bila kuhusisha uvimbe huo na kopo lililoko kwenye meza ya vipodozi. Huathiri pia mishipa ya fahamu, ikaleta kutetemeka, wasiwasi na usahaulifu. Humpata mtoto aliye tumboni. Zaidi ya hapo, hubaki kwenye taulo, mashuka na mikono, na hutoa mvuke, kiasi kwamba watoto ambao hawajawahi kupakwa wamekutwa na zebaki mwilini kwa kuishi tu nyumba moja na mtumiaji. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, uliweka kikomo cha miligramu moja kwa kila kilo ya kipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa kabisa vipodozi vilivyoongezwa zebaki. Kenya ilikuwa imekwisha kupiga marufuku vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni, Tanzania vilevile, na Rwanda ilianza msako madukani mwishoni mwa 2018. Makopo bado yanapita.

Siku hizi kuna sindano na dripu za glutathioni, ambazo hutangazwa kama anasa ya watu wenye uwezo. Glutathioni ni kiambata ambacho ini letu hutengeneza lenyewe, na imewahi kutumika kupunguza madhara ya dawa za saratani. Kupauka kwa ngozi kulionekana kama athari ya pembeni, kisha biashara ikakamata hapo. Mamlaka ya dawa ya Ufilipino, nchi ambako sindano hizi zilivuma mapema, ilitahadharisha kwamba zinaweza kudhuru figo na kuleta mzio mkali wa ngozi. Kumchoma mtu mzima asiye mgonjwa dawa kwenye mshipa ili abadilike rangi ni jambo ambalo siwezi kulitetea kwa namna yoyote.

Umaarufu lakini haufanyi kazi upande mmoja. Januari 2014 mwanamuziki Dencia, mwenye asili ya Kameruni, alizindua krimu iitwayo Whitenicious, huku picha za tangazo zikimwonyesha akiwa mweupe sana. Yeye alisema ni ya kuondoa madoa. Mwezi uliofuata, Lupita Nyong'o alisimama kwenye hafla ya jarida la Essence huko Marekani, siku chache kabla ya kupokea Oscar, na kueleza kuhusu barua aliyoandikiwa na msichana mmoja. Msichana huyo alikuwa karibu kununua Whitenicious, lakini kumwona Lupita kukamzuia. Lupita akasimulia jinsi naye, akiwa mtoto, alivyomwomba Mungu aamke akiwa mweupe, na jinsi mwanamitindo Alek Wek kutoka Sudan Kusini alivyombadilisha kwa kuonekana tu kwenye majarida akiwa mweusi tii na akisifiwa. Hotuba hiyo haikutaja kimeng'enya hata kimoja, na bado naiweka kwenye hesabu ya afya ya jamii, kwa sababu ilimfikia msichana kabla hajanunua.

Mitindo yenyewe haina msimamo kuhusu rangi. Mwaka 1903 Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobeli kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga, na jua likapata sifa ya afya. Miaka ya 1920 Wazungu matajiri, Coco Chanel akiwa mmoja wa waliotajwa sana, wakaufanya weusi wa jua kuwa fahari, wakati bibi zao walikuwa wakiukimbia kwa miavuli na kofia. Vikafuata vitanda vya kujibabua, ambavyo mwaka 2009 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka katika kundi la visababishi vya uhakika vya saratani.

Mwaka huohuo wa 2017 ambapo mkataba wa zebaki ulianza kutumika, jarida la Science lilichapisha utafiti wa timu ya Sarah Tishkoff kuhusu rangi za watu wa Ethiopia, Tanzania na Botswana. Waligundua kwamba vinasaba vingi vya weupe na vya weusi vimekuwapo Afrika kwa mamia ya maelfu ya miaka. Rangi zote hizi ni zetu tangu awali, na kila mtu amerithi mchanganyiko wake.

Huko Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, hutengenezwa krimu ya kukinga jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao miili yao haiwezi kutengeneza melanini ya kutosha. Saratani ya ngozi ndiyo tishio lao kubwa, na wengi huipata wakiwa bado vijana. Wanachojitahidi kukipata kwa kupaka kila asubuhi ni sehemu ndogo tu ya ulinzi ambao mwenzao anauondoa kwa fedha zake.

Kwa aliyekwisha kuanza na anataka kuacha, hatua ya kwanza ni daktari wa ngozi. Kama krimu ilikuwa na steroidi, dawa hupunguzwa taratibu. Asikatishe kwa mkupuo. Aende na kopo lenyewe, hata kama ni la mkorogo usio na lebo, na aeleze ametumia kwa muda gani na sehemu zipi za mwili. Kama miguu au uso vimevimba, aombe mkojo upimwe protini siku hiyo hiyo. Mjamzito na anayenyonyesha wasisubiri kliniki ijayo. Na watoto wanaolala naye kitanda kimoja wapelekwe pia.