Mafundi wawili walinikataa, wa tatu akanipokea. Nilibadilisha nini?

Wafanyabiashara wenzangu, leo nawapa kisa changu mwenyewe.

Nauza magauni ya vitenge mtandaoni hapa Dar. Nilikuwa napokea oda, napeleka kwa fundi. Siku moja sare za harusi zikachelewa, sherehe ikapita, nikarudisha hela za wateja sita. Nikasema basi, najifunza kushona mwenyewe.

Fundi wa kwanza nilimfuata Jumamosi jioni, watu wamejaa wanadai nguo zao. Hakuinua hata kichwa. Wa pili nikamwambia, "Nina wateja wangu mtandaoni, nataka ujuzi nijitegemee." Akacheka: "Yaani nikufundishe, halafu uje uninyang'anye wateja?"

Hapo ndipo nikaelewa. Fundi hamchagui mwenye shida kubwa, anamchagua mtu asiyemtia hofu. Kwa wa tatu nikajipanga hivi:

1. Nenda muda ambao kazi imepoa. Mimi nilikwenda Jumanne asubuhi.

2. Beba kitu ulichoshona. Nilipeleka foronya mbili za mkono, zimepinda kweli. Mama akazigeuza ndani nje, akaangalia mishono, akasema, "Angalau umejaribu."

3. Mtoe hofu. Nilimwambia, "Mama, miezi sita nitakayokuwa hapa oda zangu zote zitashonwa kwako, na mteja wako atabaki kuwa wako." Na ukiahidi, timiza.

4. Omba wiki moja ya majaribio. Nilifagia, nikapiga pasi, nikafumua nguo zilizokosewa. Kila siku nimefika kabla ya yeye kufungua. Simu ilikaa kwenye mkoba mpaka saa ya chakula. Sisi wa mtandaoni hapo ndipo tunapofeli!

5. Andikishaneni. Karatasi moja tu, na shahidi: mafunzo ni miezi mingapi, ada inalipwa kwa awamu ngapi, utafundishwa nini (kupima, kukata, kushona, kudarizi?), na ukiharibu kitambaa cha mteja nani analipa. Mimi niliharibu kimoja wiki ya tatu. Karatasi ilituepusha na ugomvi.

Na cheti je? VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya chuo. Unapimwa kwa kazi unayoijua, ukifaulu unapewa cheti. Kwa hiyo usidharau fundi wa mtaani. Ada na muda wa kupimwa, kaulize chuo cha VETA kilicho karibu nawe.

Leo oda ndogo nazishona mwenyewe, kubwa bado nampelekea mama. Wale wateja sita, wawili wamerudi. Wanne bado, na siwalaumu.

Kama kuna fundi umemlenga, usiende Jumamosi. Shona hata foronya moja wikiendi hii, Jumanne ukamwamkie.