Dansi Isiyotosha Katika Sahani ya Santuri

Wazazi wengi wa Old Moshi, wakisikia gitaa la umeme likivuma nyumba ya jirani, husema neno moja tu: makelele ya Wazungu. Sikatai kwamba pengine ni makelele kweli. Lakini yafaa wasomaji wetu wajue kwamba nchi yetu ilipata kuwa na bendi ya roki ya namna yake, iliyopiga dansi Dar es Salaam zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Watu wa Ulaya wanainunua santuri yake hata leo, hali sisi wenyewe tumeisahau. Jina lake Sunburst, maana yake jua linapopasua mawingu.

Bendi hiyo ilianzishwa mwaka 1970, nao haukuwa wakati rahisi kwa kijana mwenye gitaa. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na tangu Januari 1969 sketi fupi na suruali za kubana zikapigwa vita barabarani. Novemba mwaka huo huo Mkuu wa Mkoa wa Pwani akapiga marufuku muziki wa soul, ule wa Wamarekani Weusi, katika Dar es Salaam. Basi kijana afanye nini? Akimwiga James Brown, ataambiwa ameuza utamaduni wake. Akipiga rumba kama bendi zote, hajasema neno lake mwenyewe.

Sunburst walitafuta njia ya tatu. Mwimbaji alikuwa James Mpungo. Hembi Flory Kongo, mtu wa Congo, alishika gitaa, Bashir Idi Farhan besi, na Kassim Magati kinanda. Walichukua ukali wa roki na uzito wa soul, wakaviweka juu ya mapigo ya ngoma za kwetu, na mtindo huo wakauita Kitoto. Waliimba kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Wimbo wao mmoja waitwa “Enzi za Utumwani”. Sasa wimbo wa Kiswahili unaokumbusha utumwa wa babu zetu, hata ukipigwa kwa gitaa la umeme, tuuite wa Kizungu?

Lakini muziki wa namna hii makao yake ni jukwaani, wala si katika sahani. Siku zile sahani ndogo ya santuri ilibeba dakika tatu au nne hivi kila upande. Ndiyo sababu bendi nyingi za dansi zilikata wimbo vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu, na ya pili upande wa nyuma, nawe ukalazimika kuinuka kitini kuigeuza. Sahani kubwa nayo haizidi sana dakika ishirini kwa upande. Katika ukumbi hakuna wa kuwahesabia dakika. Mpiga gitaa akiona watu wamekolea, haachi. Mpiga ngoma humfuata, na besi huwashikilia wote wasipotee. Wimbo wa dakika nne waweza kuchukua robo saa, na kesho yake ukapigwa kwa namna nyingine kabisa. Hapo ndipo wanamuziki hujaribu mambo mapya, na wachezaji ndio wanaoamua: likiwapendeza watacheza, lisipowapendeza watarudi mezani kwenye soda zao. (Hata wale wasiokunywa soda.)

Tena tusijisahau. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na kutoka Ujerumani yakatufikia matarumbeta ya kanisani. Leo harusi ikipita mlimani bila tarumbeta, watu huuliza kama kuna msiba. Nani aliyabeza kuwa ya kigeni? Tuliyapuliza mpaka yakawa yetu. Sioni kwa nini gitaa linyimwe muda ule ule.

Sunburst walirekodi nyimbo Radio Tanzania mwaka 1973. Mwaka 1976 sahani yao kubwa, “Ave Africa”, ilirekodiwa Zambia, nchi iliyokuwa imejaa bendi za roki wakati ule, mojawapo WITCH ya Jagari Chanda. Huyo Chanda alipata bahati ya pekee, maana uzeeni amerudi jukwaani na kuzunguka Ulaya na Marekani, vijana wakamwona kwa macho yao. Nyimbo za Sunburst zilikusanywa na kutolewa upya mwaka 2016 na kampuni ya Strut ya Uingereza. Twashukuru, lakini kilichorudi ni zile dakika chache tu. Usiku mzima wa dansi haumo.

Usiku huo umo vichwani mwa watu. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1973 sasa amepita sabini. Vijana wetu wengi wa zama zile waliteremka Dar es Salaam kusoma na kufanya kazi, na Krismasi wanapanda tena mlimani. Akija babu au shangazi wa namna hiyo, mketishe kihambani, umuulize: alicheza ukumbi gani, kiingilio kilikuwa shilingi ngapi, na wimbo mmoja ulichukua muda gani. Andika katika daftari, na tarehe uitie. Tena umuulize suruali yake ilikuwa ya upana gani.