Shitaka la Mfungwa na Njia ya Mateka Kurudi Kwao

Katika Matendo ya Mitume 25:27, liwali Festo anakiri jambo ambalo watawala wengi wamelisahau: haifai kumpeleka mfungwa bila kueleza mashitaka yake. Paulo alikuwa amekwisha kukaa kifungoni Kaisaria miaka miwili bila hukumu, kwa sababu Feliki alitumaini kupewa fedha, na tena alitaka kuwapendeza Wayahudi (24:26-27). Makala hii yakusudia kueleza mambo mawili yanayokwenda pamoja, yaani kifungo kisicho na shitaka, na kurudishwa makwao kwa mateka wa vita. Tutayatazama kwanza katika historia ya eneo letu, kisha katika sheria, na mwisho katika Maandiko.

1. Tabora, 1914–1916

Kutoka Isaka reli inashuka kusini hadi Tabora. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, njia hii ya Mwanza haikuwapo bado, lakini Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora tangu 1912. Huko ndiko Wajerumani walikowaweka wamisionari Waingereza wa CMS na UMCA, wanaume kwa wanawake. Hawakushitakiwa kwa tendo lolote. Sababu ya kuzuiliwa kwao ilikuwa uraia wao.

Hali ya walimu Waafrika wa misheni hizo ilikuwa nzito zaidi. Wao hawakuwa askari wala raia wa Uingereza. Walishukiwa kuwa wapelelezi kwa kuwa walifundishwa na Waingereza, na wengi wao walifungwa, wakapigwa na kutumikishwa. Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani, Zanzibar, alikuwa miongoni mwa walioshikwa Tabora, na baadaye aliandika habari za maisha yake. Mmisionari alikuwa na serikali nyuma yake iliyoweza kuuliza habari zake. Mwalimu Mwafrika hakuwa na wa kumwulizia.

Mwaka 1916 jeshi la Waingereza lilishuka kutoka Mwanza kupitia nchi ya Shinyanga, lakini Wabelgiji ndio waliotangulia kuingia Tabora, tarehe 19 Septemba. Wafungwa wakafunguliwa, na Wajerumani waliokutwa huko wakawa mateka kwa zamu yao. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 122, uliipa serikali mpya ya nchi uwezo wa kuamua juu ya kuwarudisha Wajerumani kwao. Mwaka 1920 wamisionari wa Leipzig waliondolewa Kilimanjaro, na sharika zikabaki mikononi mwa walimu Waafrika kwa sehemu kubwa. Bruno Gutmann, aliyekuwa Kilimanjaro tangu 1902, “alirudishwa kwao” naye akaomba njia ya kurudi Moshi, akaipata mwaka 1925. Kwao kulikuwa wapi basi? Mwaka 1939 wamisionari Wajerumani walizuiliwa tena, na Misheni ya Augustana kutoka Marekani ikapokea uangalizi wa kazi yao. Kanisa letu, basi, limekaa pande zote mbili za mlango wa gereza.

2. Sheria inasema nini

Hapa yatupasa kupambanua. Askari aliyetekwa hahitaji kushitakiwa, kwa kuwa kupigana vita kwa halali si jinai. Anazuiliwa ili asirudi vitani tu. Kwa hiyo Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, kifungu cha 118, unaagiza kwamba mapigano yakikoma aachiliwe na kurudishwa bila kukawia. Raia aliyezuiliwa katika nchi ya adui ana haki nyingine: Mkataba wa Nne, kifungu cha 43, unataka sababu za kuzuiliwa kwake zipimwe na mahakama au baraza angalau mara mbili kwa mwaka. Basi uovu mkubwa wa kizuizi hauko katika kukosekana kwa shitaka peke yake. Uko pale ambapo hakuna mwisho uliowekwa, wala mtu awezaye kuulizwa.

Nchi yetu nayo ilikuwa na jaribu hilo wakati wa amani. Sheria ya kuweka watu kizuizini ya 1962 ilimpa Rais uwezo wa kumzuilia mtu bila kumfikisha mahakamani. Tume ya Nyalali, katika taarifa yake ya 1992, iliitaja miongoni mwa sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa.

Kurudishwa nako kuna swali lake. Baada ya vita vya Korea, mwaka 1953, maelfu ya mateka walikataa kurudi, na mataifa yakalazimika kukubali kwamba mtu asirudishwe kwa nguvu. Sisi tulilikuta swali hilo karibu zaidi. Chakula cha wakimbizi wa Rwanda waliokuwa Ngara kilipita hapa Isaka kwa reli na kuendelea kwa malori. Desemba 1996 karibu nusu milioni yao walirudishwa kwa muda wa siku chache, wengi wakisukumwa na askari. Mkimbizi si mateka, lakini swali la hiari yake ni lile lile.

3. Maandiko

Katika 2 Mambo ya Nyakati 28:8-15, jeshi la Israeli linaleta Samaria mateka wengi wa Yuda. Nabii Odedi analipinga, akiwakumbusha washindi kwamba mateka ni ndugu zao na kwamba wao wenyewe wana hatia mbele za Bwana. Ndipo wakuu wa Efraimu wanasimama. Mateka wanavikwa nguo na viatu, wanalishwa, wanapakwa mafuta. Walio dhaifu wanapandishwa juu ya punda, na wote wanafikishwa Yeriko, kwa ndugu zao. Kurudishwa huku hakuishii mpakani. Kunaishia mikononi mwa watu wanaomjua anayerudi.

4. Kazi ya mchungaji

Tumezoea kusoma Mathayo 25:36 kama agizo la kumtembelea mfungwa kwa sabuni na sala. Ni vema, lakini haitoshi. Mchungaji aingiapo mahabusu na aulize swali la Festo, kwa adabu na bila kuchoka: mtu huyu ameshitakiwa kwa neno gani, na lini atasikilizwa? Na mtu anaporudi usharikani kutoka kifungoni au uhamishoni, tuifanye kazi ya wakuu wa Efraimu, tukianza na yule asiye na serikali wala jamaa wa kumwulizia. Walimu wa Tabora walikuwa watu wa namna hiyo.