Intaneti ikigoma nyumbani, shika daftari kabla ya simu

“Bonyeza moja. Bonyeza tatu. Tafadhali subiri.” Kuanzia Bigwa hadi Kihonda, mjini Morogoro, mzazi aliyewahi kukatikiwa intaneti nyumbani anaujua wimbo huo. Mtoto ana kazi ya shule, siku za kifurushi cha mwezi zinakwisha, na mhudumu anasema zima kifaa, washa tena. Kesho anapokea mwingine, na mzazi anaanza kueleza upya.

Hasira hasara, tena watoto wanasikiliza. Kinachosaidia ni daftari. Andika tarehe, saa, jina la mhudumu na namba ya lalamiko. Usikate simu kabla ya kupewa namba hiyo.

Kagua na kifaa chako. Kwa wanaokaa chini ya Milima ya Uluguru, mlima unaweza kuzuia mawimbi ya mnara. Kama kifaa kinatumia laini ya simu, kisogeze dirishani, kisha upande wa pili wa nyumba. Ikishindikana, mweleze mhudumu ulichofanya na uombe fundi.

Mtoa huduma asipotatua tatizo, peleka lalamiko Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Ila utatakiwa uwe umeanza kwa mtoa huduma mwenyewe. Ulimlalamikia lini? Alijibu nini?

Mzazi mwenye daftari ana majibu. Asiye nalo anarudi kubonyeza moja.